Kalsiamu ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nimelala juu ya cherehani. Mchana kweupe! Mteja wa sare za kwaya amenikuta hivyo, akakohoa kwa adabu. Nywele zinabaki kwenye kitana, miguu mizito. Na vidonge vyangu vya tezi ya shingo sijaruka hata siku moja! Nimevipanga pamoja na kalsiamu aliyoniletea wifi ndani ya boksi la vifungo, kila siku na kichumba chake. Alfajiri nabugia vyote kwa mkupuo mmoja. Utaratibu wa fundi! Mume wangu ananiita duka la dawa.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu ya damu mabaya. Daktari anashangaa, dawa ni kama siinywi. Ameongeza dozi. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye cherehani, bila hiyo mimi si mtu. Nimelia kwenye korido.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu ambariki yule mfamasia mwenye miwani! Kabla ya kunipa dozi kubwa ameuliza kama kuna dawa nyingine ninayomeza. Nikasema hakuna. Kalsiamu nayo ni dawa? Akauliza tena, taratibu: vitamini, madini, chochote? Nikamtajia, na boksi langu nikamsimulia kwa majivuno. Akavua miwani. Kumbe kalsiamu inaikamata dawa tumboni, mwilini haifiki! Dawa ya tezi ni alfajiri, kwa maji, tumbo tupu. Kalsiamu ipishane nayo kwa saa nne. Akampigia daktari papo hapo: dozi ibaki ileile, damu ipimwe tena baada ya wiki sita.

Wifi simlaumu, alinunua kwa mapenzi. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mjinga ni mimi niliyefunga mdomo mbele ya daktari.

Jumanne, 22 Aprili

Damu imekaa sawa! Asante Mungu, asante miwani ile. Leo nimeshona sare tano na kumgombeza mume kwa nguvu zangu zote. Amefurahi.

Mchana wifi kaja, na chupa ya madini ya chuma mkononi, jamani! Nimemweleza yote huku nimemkumbatia, asije akajisikia vibaya. Akaiweka chupa mezani. Kisha kwa sauti ndogo: yeye anameza potasiamu kwa sababu miguu inambana, pamoja na dawa zake za presha. Na siku hizi moyo unamrukaruka. Alidhani ni mawazo tu.

Nimempigia mfamasia. Hakuniacha nimalize: dawa nyingine za presha huilimbikiza potasiamu mwilini, moyo unaweza kusimama! Potasiamu asiiguse tena, hospitali sasa hivi, na chupa zote mje nazo.

Wifi anagoma: hospitali haendi na gauni lililofumuka kwapa. Nimempa la mteja, jipya, la harusi ya watu. Naandika nikimngoja avae. Hakuna anayenijali kama huyu. Mungu wangu, usininyang'anye wifi yangu.

Teksi inapiga honi. Wifi, toka! Anasema zipu imekwama—