Baba Yako na Maji ya Kisima

Shamba la Haugen,
Skarland, Dakota Kaskazini.
Machi 14, 1983.

Mpendwa mpwa wangu Ragna,

Hujambo, mwanangu? Huko Alaska baridi imekuachia vidole? Sisi huku tunakohoa tu, theluji bado imefika dirishani. Mimi ni mzima, goti langu ndilo lenye hasira. Nimeona picha ya hospitali unakouguza wagonjwa na nimeibandika jikoni.

Baba yako hajui kwamba ninakuandikia. Akijua atanuna mpaka Pasaka.

Ulikuwa mdogo walipompeleka bungeni mwaka ule wa mvua ya mawe, ngano yote ilipolala chini. Jirani yetu Torvald Brekke ndiye aliyemsukuma. Alimwambia, "Orrin, wewe huongea na ng'ombe kutwa. Kaongee na wabunge, hutaona tofauti." Baba yako aliposhinda, Torvald alimbeba mabegani kuzunguka ghala la nafaka. Miaka kumi na saba sasa, kila kikao anakwenda bunge la jimbo kule Bismarck, na kila Ijumaa anarudi kusafisha zizi.

Mwaka huu umeletwa muswada wa kuruhusu taka za visima vya mafuta zizikwe kwenye mashimo mashambani. Majirani wengi wameshatia saini ardhi yao itumike kwa malipo. Baba yako alizunguka kwanza, nyumba hadi nyumba, akionja maji. Kwa mama Tveit, ambako tayari walichimba shimo moja, maji yalikuwa na chumvi, na ndama kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Alirudi, akavua buti, akasema, "Huu sitaupitisha, dada."

Tangu hapo mambo yamebadilika. Akiingia mkahawani, wanaume wanamaliza kahawa yao wakiwa wamesimama. Waya za uzio zimekatwa mara mbili. Kanisani benchi letu tunakaa wawili tu, na wimbo ukianza nasikia sauti yangu mwenyewe. Mmoja alimwambia mlangoni, mbele ya mchungaji, "Mheshimiwa, unakula bungeni, sisi unatunyima shambani." Baba yako akamjibu, "Njoo basi unywe maji ya mama Tveit, halafu tuongee."

Alhamisi walipiga kura. Muswada ulianguka kwa kura moja, nayo kila mtu hapa anaihesabu kuwa ni ya baba yako.

Jana, baada ya ibada, tulikuwa tukinywa kahawa katika chumba cha chini cha kanisa. Torvald alikuja na sahani ya mikate ya viazi, akamwinamia baba yako kama anayemkaribisha. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Orrin, wiki hii usinywe maji ya kisima chako."

"Kwa nini?"

"Nimeshakwambia usinywe. Usiniulize jina la mtu."

Akaiacha sahani mezani, akatoka bila kofia yake.

Ragna, baba yako alikuwa ameshakunywa asubuhi ile, vikombe viwili kama kawaida yake. Tulipofika nyumbani tulikuta ng'ombe wamesimama mbali na hori, maji yamejaa, hakuna aliyegusa. Nimewahamishia kwangu. Hata kisima changu sikiamini kwa kupikia, tunayeyusha theluji. Chupa ya yale maji ameichukua ikapimwe, majibu bado.

Usiku tumbo lilimsumbua. Anasema ni kahawa ya kanisani. Wewe ni muuguzi, unajua yapi ya kumuuliza. Mpigie, lakini ni afadhali uje. Usingoje shule zifungwe. Waache watoto kwa baba yao.

Asubuhi hii amevaa suti ya kwenda bungeni, mkono mmoja tumboni. Nilishika mlango wa gari nikamwambia, "Kaka, leo baki. Waandikie kwamba unaumwa."

Akauondoa mkono wangu taratibu. "Nikibaki, Gudrun, watajua dawa yao imefanya kazi."

Nisalimie mumeo Emil, na Britta, na huyo mdogo ambaye sijamwona. Shangazi Inga wa Fargo anakusalimu sana. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye kama niliyekuzaa,

Gudrun Haugen