Mkono Wangu Uko Wapi?

Jumatatu, 3 Februari

Kozi imeanza. Wahadhiri wa vitivyo vyote tumerundikwa kwenye chumba kidogo cha maktaba, juu ya viti vya wanafunzi, magoti yanagonga meza. Mada: namna wanafunzi wa chuo kikuu wanavyojifunza. Nimefundisha fizikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, leo ndiyo naambiwa nijifunze kujifunza. Haya.

Mkufunzi akaingia. Nikamjua kwa mwendo, ule wa kukanyaga kama anaiomba sakafu radhi. Mwanafunzi wangu wa zamani! Alikuwa anakaa mbele, karibu na dirisha. Wenzake walimwita Mia kwa Mia, kwa alama zake. Mpaka leo nawatolea mwaka wa kwanza mfano wake. Akaniamkia mbele za watu: shikamoo, mwalimu. Marahaba, baba. Nilivimba kichwa, sikatai.

Halafu akatangaza. Kila mmoja wetu atafundisha kipindi kimoja, yeye akikaa nyuma na fomu yake. Asiyepita, darasa lake la mwaka wa kwanza muhula ujao litafundishwa kwa video. Wakuu wa idara wameshakubali.

Mwaka wa kwanza ndio wangu. Wenzangu wanawakimbia, wanasema ni watoto, wanapiga kelele. Mimi ndio wanaoniamsha asubuhi. Wakinichukulia hao, nimebaki na nini? Ofisi na funguo.

Jumanne, 4 Februari

Leo: maarifa ya awali. Mwanafunzi haji darasani kama ndoo tupu. Anakuja na mambo anayoyaamini tayari, na ukimpa jipya, ama linashikana na la zamani ama linadondoka. Halafu kujifunza kwa juu juu na kujifunza kwa kina. Nikaandika yote, mwandiko mzuri kabisa.

Kisha akatuonyesha video ya kipindi changu cha wiki iliyopita. Ruhusa nilitoa mwenyewe, kwa jeuri yangu. Nikajiona ubaoni, chaki mkononi. "Kitu kikirushwa juu kinavutwa chini na u—?" Darasa zima: "—zito!" "Kwa hiyo kasi yake inapu—?" "—ngua!" "Tumeelewa?" "Ndiyooo!"

Naipenda sauti ile. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na yule mwalimu wetu mfupi wa darasa la nne, aliyekuwa anapiga meza kwa rula kutuwekea mdundo. Sauti zetu zilikuwa zinatoka madirishani mpaka nyumbani. Mama, akianika nguo, alijua leo tumefika wapi kwenye hesabu. Nikirudi ananipokea kwa swali, na mimi namalizia neno, naye anafurahi. Natamani ningemsikia tena, hata mara moja.

Mkufunzi akasimamisha video. Kwa upole wake ule ule akasema wanafunzi wanamalizia neno la mwalimu, lakini hatujui kama wanamalizia na wazo lake. Wahadhiri wa sheria wakacheka.

Alhamisi, 6 Februari

Nilimbana wakati wa chai. Nikamwambia, wewe mwenyewe umetoka kwenye kwaya hiyo hiyo, na ukapata mia.

Akatazama kikombe chake. "Mwalimu, nilikariri. Mia yote ile. Ungegeuza swali kidogo tu, ningekuwa nimekwisha."

Anasema alikipenda kipindi changu. Michoro yangu ya chaki, vichekesho vyangu, yote. Lakini kila nikiuliza tumeelewa, naye anaitikia ndiyo na wenzake. Aliogopa kuinua mkono, asije akanivunja moyo. Ndiyo maana aliiacha fizikia akasomea ualimu: alitaka kujua kilichompata.

Nilikwenda ofisini nikafunga mlango. Picha ya darasa lao bado iko ukutani, yeye kasimama pembeni yangu anatabasamu. Miaka yote hiyo namsifia mtoto kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Nimelia kidogo, halafu nimeosha uso nikaenda kufundisha. Niliuliza tumeelewa. Wakaitikia ndiyo. Nikasikia baridi.

Jumapili, 9 Februari

Nimechagua somo la kufundishia siku ya mtihani wangu. Kitu kimerushwa juu, mkono umeshakiacha, bado kinapanda. Nguvu gani inakisukuma kwenda juu? Jibu: hakuna. Ukiuweka ukinzani wa hewa pembeni, kilichobaki ni uzito tu, unaovuta chini. Kinapanda kwa sababu kiliachwa kikiwa na kasi, na hiyo kasi inaliwa kidogo kidogo.

Kwangu hilo ni wazi kama mchana, na hapo ndipo penye shida. Mkufunzi anasema kuna mawazo yaliyo kama kizingiti: ukishavuka, unasahau ulivyokuwa nje. Na mwalimu aliyesahau nje hawezi kumshika mtu mkono kumwingiza ndani.

Nikampigia Dada. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo hili, uani kwetu, kwa chungwa. Nikamwambia, si unakumbuka ulinieleza nikaelewa papo hapo?

Alicheka mpaka akakohoa. "Papo hapo? Wewe? Mdogo wangu, hujaacha uongo."

Kumbe nilibisha! Nilishikilia kwamba nguvu ya mkono imeingia ndani ya chungwa na inapanda nalo mpaka iishe. Dada akawa analirusha, na kila likipanda ananiuliza, "Mkono wangu uko wapi?" Namwambia uko kwako. "Basi huko juu anasukuma nani?" Nikanuna. Nikasusa chakula. Nikawa nazunguka uani narusha chungwa peke yangu, Mama anafoka kwamba matunda si ya kuchezea, mpaka likapondeka. Ndipo nikaenda kumwambia: hakuna anayesukuma.

"Na ulisema kwa hasira," anasema Dada, "kama mimi ndiye niliyekunyang'anya."

Nikamuuliza kwa nini hakunipa jibu tangu mwanzo. "Nilikupa! Siku ile ile ya kwanza. Ukaitikia ndiyo, halafu ukaniuliza hiyo nguvu ya mkono itaisha saa ngapi."

Alipokuwa anasema hivyo, nilisikia harufu ya maganda viganjani. Nikauona ukuta wa uani, chokaa inabanduka, na Dada mwembamba, mkono mtupu ameunyoosha juu. Ule ubishi nilikuwa nimeusahau kabisa. Nilibaki na jibu tu.

Nikamwambia nikianguka wananinyang'anya mwaka wa kwanza. Akasema: "Basi nenda na chungwa."

Jumatano, 12 Februari

Nimefanya mazoezi jikoni, mume wangu ndiye mwanafunzi. Nauliza, halafu natakiwa ninyamaze, nimsubiri afikiri. Siwezi. Nauliza na kujibu mwenyewe. Mume anasema hilo analijua, ameishi nalo. Mzoea vya kunyonga!

Machungwa nimenunua.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika nikiwa darasani, mezani, mbele yao. Nimewageuza wazungumze wawili wawili, na kalamu hii ndiyo inayonifunga mdomo.

Nilianza vibaya. Nililirusha chungwa, nikauliza ni nguvu gani inalisukuma juu. Kimya. Kimya kile kilinitafuna, ulimi ukateleza wenyewe: "Nguvu ya kwenda juu haku—" Na wao, darasa zima, kwa furaha: "—na!" Kule nyuma mkufunzi akainamisha kichwa.

Nikaona mwaka wa kwanza unaniponyoka. Nikasema, hilo lifuteni. Nalirusha tena. Mkono wangu uko wapi? Mwambie jirani yako anayesukuma ni nani, na mbishane.

Walianza kwa minong'ono. Kisha binti wa safu ya pili akasimama. "Mwalimu, mimi sijaelewa. Naona nguvu ya mkono imeingia ndani ya chungwa." Wenzake wakamcheka. Sijaelewa! Neno hilo sijalisikia humu ndani tangu nianze kazi. Na jibu lake ni langu, vile vile nilivyolisema uani. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia alirudie kwa sauti, na nikawarudisha wabishane juu yake.

Sasa ni kelele tupu. Yule anarusha kifutio, huyu anarusha kofia. Jibu liko hapa mdomoni, linaniwasha. Sitoi.

Kule nyuma mkufunzi ameiweka fomu sakafuni. Amegeukiana na kijana aliye jirani yake, wanabishana, anaonyesha kwa kidole juu. Ameacha. Ananitazama. Ameinua mkono, taratibu, kama mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa.

Binti bado amesimama. Mia kwa Mia hajashusha mkono. Naweka kalamu, nachukua chungwa