Niliitikia "Ego, Waitu" Redioni, Sasa Jirani Yangu Anahamishwa

Nyie wasomaji mmepotea. Tangu msimu wa senene uishe hakuna aliyenipitia na shida yake, na mnajua vizuri kwamba shida haziishi pamoja na senene. Mlidhani nimekufa? Sijafa. Goti la kushoto ndilo limetangulia, mwenyewe bado nipo. Wiki hii amenijia mmoja tu, tena amekuja amejificha. Adventina, mke wa mjukuu wangu, amenisomea barua yake. Nanyi isomeni kwanza, kisha mtusikilize.

*

Mpendwa mshauri, pole na kazi, naomba msaada wako maana nimefika mahali sina pa kugeukia, usingizi umenihama na chakula hakishuki, na ninakuomba usinitaje jina kwa kuwa ni mtu ninayejulikana, mimi ni mtangazaji wa redio hapa Muleba, wa kile kipindi cha Jumamosi asubuhi ambacho wazee huja kueleza mambo ya zamani, jinsi watu walivyooana na kugawana vibanja, yale mashamba ya migomba, na kukamua lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kipindi kilikuwa kinakwenda vizuri, mama mmoja wa Rubya alinitumia hadi mkungu wa ndizi kunipongeza, mpaka siku nilipomkaribisha mzee mmoja wa Izimbya aje aeleze habari za mipaka ya vibanja.

Mshauri, mzee alianza vizuri kabisa, akaeleza ule mmea wa mulamula unavyopandwa mpakani, halafu sijui kilimpata nini, akaiacha mipaka akawaingia watu wa visiwani huku ziwani, akasema wavuvi na wauza samaki hawana kwao, mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi akili yake inayumba hata akiwa nchi kavu, ni wezi, wanatuletea magonjwa, na mwenye nyumba yeyote wa Nshamba anayempangisha mtu wa visiwani amekaribisha siafu kitandani, na mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema mdogo hakatizi, mdogo anaitikia, basi yeye akisema mimi naitikia "ego, waitu", ndiyo mzee wangu, akiongeza naongeza, "ego, waitu", na pale kwenye siafu, Mungu anisamehe, nilicheka, maana alivyolisema lilichekesha, sikukumbuka kwamba huko majumbani hakuna anayeuona uso wangu, wanasikia tu mtangazaji akikubali kila neno.

Sasa katika yadi ninayopanga, jirani yangu mlango kwa mlango ni dada Hafidha, kwao ni kisiwani, anauza dagaa kwenye gulio la Nshamba, na nilipougua tumbo ni yeye aliyenipikia uji, na mwenye nyumba wetu, Aroni, amemwambia ahame mwisho wa mwezi, alipoulizwa kosa akajibu, "Si mimi, hata redio imesema," na gulioni wateja wanapita mbele ya dagaa wake kama wanapita kaburini, nami nilipokwenda kumpa pole aliniambia bila hata kupandisha sauti, "Mdogo wangu, yule mzee simjui, wala yeye hajui hata jina langu. Lakini ile 'ego' ilikuwa sauti ya mtu aliyekunywa uji wangu."

Bosi wangu, Bwana Kyaruzi, yeye amefurahi, siku ile simu ziliingia hadi mtambo ukagoma, anataka mzee arudi aongezewe muda, anasema redio ni ya wote na kila mtu ana haki ya kusema, lakini mwenzangu Lilian anayesoma taarifa ya habari anasema mzee asikanyage tena studio, anayempa maikrofoni mtu wa namna hiyo ametukana pamoja naye, na nikimsikiliza bosi naona ana haki, nikimsikiliza Lilian naona ana haki zaidi, nikirudi nyumbani nikaona mlango wa dada Hafidha na maboksi yake yameanza kufungwa kamba, naona mimi ndiye nisiye na haki yoyote, mshauri, nimrudishe mzee au nimfungie mlango?

Ni mimi,
Mwenye Mashaka, Nshamba.

*

Mugisha!

Mwenye Mashaka ndiyo nini? Muleba yote mtangazaji wa wazee wa Jumamosi asubuhi ni mmoja, na Izimbya nzima inakujua tangu ulipokuwa unatambaa kwenye migomba yangu na kula udongo. Tangu harusi ya mjukuu wangu Joviana hujakanyaga mlango wangu. Unapita barabarani na pikipiki, unapiga honi, unadhani honi ni salamu. Leo umebanwa, umekuja kwa njia ya gazeti. Haya, kaa chini.

Pole, mwanangu. Nimeisema mara moja, ishike vizuri, maana huko mbele sina nyingine.

Hukufanya kwa ubaya, ulifanya kwa adabu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokufundisha kuitikia wakubwa. Lakini hapa kwangu ukisema "ego, waitu" nayaona macho yako yanavyopanda darini, najua huyu hakubali, anasubiri nimalize aende zake. Redio haina macho. Umeichukua adabu ya kwenye kigoda ukaipeleka hewani, ikafika kwa Aroni ikiwa amri. Na kicheko je? Hicho nacho nilikufundisha mimi?

Bosi wako anasema kila mtu ana haki ya kusema. Kweli kabisa. Hata mbuzi wangu anasema, kutwa nzima. Lakini haki ya kusema si haki ya kupewa asubuhi nzima na mtu wa kukuitikia. Na zile simu zinazomfurahisha, mwambie asikilize na simu ya Hafidha, ile ya wateja wake, ilivyo kimya.

Huyo Lilian ana moyo mzuri, na akipita huku atakunywa chai. Ila kumfungia mzee mlango tu hakutoshi, na nitakwambia kwa nini. Mzee wako hukumtaja, lakini ni Rutaihwa, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Wakati mmoja kwenye msiba wa jirani wazee walimzuia asisimame kusema. Alichotaka kusema ni kwamba marehemu alipanda kahawa yake kwa kubananisha. Basi, ni hilo tu. Alipozuiwa, kijiji kizima kikataka kujua Rutaihwa ana siri gani. Akawa anaitwa nyumba hadi nyumba, anakalishwa, anamiminiwa lubisi, na kila alipofika ile kahawa ilizidi kubanana. Mzibe mdomo mtu wa hivyo, umempa zawadi ya ng'ombe.

Sasa rudi kwenye mulamula. Rutaihwa alikueleza vizuri, wewe hukusikiliza, ulikuwa unaitikia. Mpaka ukigombaniwa, wazee wanakwenda mpaka kwenye mulamula penyewe, na majirani wote wawili wanasimama pale, huyu upande huu, yule upande ule. Mmoja asipokuwepo hakuna mzee anayefungua mdomo. Wanageuka, wanarudi makwao, hata kama lubisi imeshaletwa. Maana mtu akionyesha mpaka huku jirani yake yuko gulioni, atauvuta hadi jikoni kwa mwenzake. Ndicho ulichokifanya. Ulimpeleka Rutaihwa kwenye mpaka wa Hafidha wakati Hafidha yuko gulioni, na kila alipouvuta ukamwitikia.

Kwa sheria hiyohiyo, nami siwezi kumsema Rutaihwa gazetini naye yuko kwake. Kwa hiyo nimemwita. Yupo hapa sasa hivi ninaposema na Adventina anaandika. Anatafuna punje za kahawa yangu, na amenuna.

Nimemuuliza, "Shemeji, watu wa visiwani wamekukosea nini?"

"Wanajulikana."

"Nani? Mtaje."

"Nasema kwa ujumla."

"Huyo Ujumla sijawahi kumpikia chai. Taja mtu."

Akaongeza kahawa mdomoni. Basi nikamkumbusha ile safari aliyopeleka ndizi kisiwani, alivyotapika tangu boti inaondoka hadi inafika, wavuvi walivyocheka, na yule mwanamke wa kule aliyemshika kichwa akampa maji ya ndimu, ambaye hata jina hakumuuliza.

"Andika nilikuwa na malaria," akamwambia Adventina.

"Malaria gani hiyo iliyopona ulipokanyaga mchanga?"

"Ma Kokushubila, mambo hayo yana umri."

"Na uchungu wake bado unanyonya. Mtu anaweza kumsamehe aliyemwibia, lakini aliyemwona akitapika ni kazi. Wamekuona, shemeji, ndilo kosa lao."

Akasema nimeishiwa adabu. Adventina ameandika na hilo.

Nikamuuliza tena. "Yale ya siafu, utayasema Hafidha akiwa amekaa hapo ulipoweka kofia yako?"

Aliitazama ile kofia. Kisha akauliza, taratibu, "Atakaa karibu hivyo?"

Hapo, Mugisha, ndipo penye dawa.

Ukimaliza kusoma hapa kunja gazeti, nenda kwa Aroni. Usimpigie simu, nenda na miguu yako. Mwambie redio haikusema kitu, aliyesema ni mzee mmoja anayeogopa maji, na wewe ulikuwa unaitikia kama mjinga mwenye adabu. Akikwambia "lakini ulicheka", mjibu ndiyo, nilicheka, nilikosea. Usianze kujieleza. Na usitoke pale mpaka umejua kama Hafidha anafungua maboksi yake. Aroni akikaza shingo, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwambie Aroni mimi nauliza: alipokuwa analala kwa watu mjini Bukoba akitafuta maisha, nani alimwita siafu?

Jumamosi, kabla ya muziki, kabla hujamsalimia yeyote, sema hayohayo hewani. Uliharibia mbele ya watu, tengenezea mbele yao.

Halafu Jumamosi inayofuata Rutaihwa arudi kwa sharti moja: Hafidha amekaa mbele yake, maikrofoni ileile, muda uleule. Na Hafidha asikokotwe. Utamuuliza kwa heshima, akisema hataki kukaa na aliyemtukana, ana haki, hilo limekwisha. Na Rutaihwa naye haji. Jirani hayupo, hakuna kesi ya mpaka. Huyo mama wa Rubya aje aeleze ndizi.

Wakikaa wote wawili, mwache Rutaihwa aseme dagaa wananuka, aseme ziwa halipendi, aseme hawezi kuelewa mtu asiye na mgomba hata mmoja. Atajibiwa, na nadhani atajibiwa vizuri. Lakini akianza tu kusema fulani afukuzwe, asipangishwe, asiuziwe, unamkatiza hapohapo. Maneno ya kumtoa mtu nyumbani kwake si maoni, Mugisha. Hilo ni panga, hata ukilifunga kwenye jani la mgomba. Bwana Kyaruzi akikataa, mwambie Jumamosi hiyo ninakuja mwenyewe na kigoda changu, na mimi nikishakaa siondoki.

Najua unachokiwaza sasa. "Bibi, mimi nitamkatizaje mtu mkubwa?" Hilo ndilo linalokunyima usingizi, si Kyaruzi wala Lilian. Ndiyo maana nakuita.

Jumapili ibada ikiisha, uje. Zima pikipiki huko barabarani, uingie kwa miguu kama mtu. Muulize Hafidha kama atapenda kuja nawe. Akija na dagaa, nitashukuru, akija mikono mitupu ni vilevile, kigoda chake nitakiweka pale penye kofia. Rutaihwa atakuwepo, amesema hatakuja, maana yake atafika wa kwanza. Nitapika ndizi. Na katikati ya kula nitasema jambo moja la uongo kabisa, sikwambii lipi, nitalisema kwa sauti ya kikubwa huku nakutazama machoni. Ole wako uniitikie. Umeze tonge, uweke mkono chini, useme, "Hapana, Bibi." Ukishindwa, hakuna anayeendelea kula mpaka uitoe hiyo "hapana", hata ndizi zipoe.