Kamioneti Iliyobaki Dilala

Jumanne, kwenye gare ya treni ya Kolwezi

Nimemtengenezea. Mi mwenyewe sijui kwa nini.

Wiki ya pili sasa tunangoja treni ya Kasai, mi, mke wangu na watoto wanne chini ya turubai moja. Leo asubuhi akaja Tata Kalenga, jirani yetu wa Dilala, aliyetwaa kamioneti yangu siku walipotufukuza huko, sisi wenye asili ya Kasai. Akasalimia kama zamani.

“Tata Mukendi, motokari inakatala kuwaka. Nilitia batri ya mupya, bure tu. Ni weye unaiyua.”

“Usiende,” mke wangu akasema. “Banatufukuza, kisha banatuita?”

Nikaenda. Batri ilikuwa nzima. Waya wa masi, unaotoka kwenye batri hadi kwenye injini, ulikuwa umeliwa na kutu penye boloti. Nikausugua kwa msasa, nikaukaza. Starta ikazunguka, lakini injini haikushika: hewa ilikuwa imeingia kwenye dizeli. Nikapampu mpaka hewa ikaisha. Ikawaka.

“Aksanti, tata. Mukifika kwenu, mutusalimie batu.”

Kwenu. Nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kasai sijawahi kuiona.

Akanirudisha gare. Mkewe Kalenga alikaa mbele pamoja naye, mi nikakaa nyuma, penye mizigo.

Mke wangu anadhani nilimwogopa Kalenga. Hapana. Injini ilipowaka nilifurahi, nikasimama pale nikiisikiliza, nikasahau kabisa kwamba si yangu tena. Hilo siwezi kumwambia.