Mafua Yaliyobadili Viatu

Jumanne, 4 Februari 1969

Homa. Viungo vyaniuma, hata vile ambavyo sikujua ninavyo. Mafua haya mapya yanapita Kibokoni nyumba kwa nyumba, na kwangu hayakupiga hodi. Kwangu mimi, niliyepigwa sindano ya mafua mwaka jana kwa ajili ya pumu, nikamtangazia kila mwenye masikio!

Wifi yangu Swabaha kaniletea uji wa pilipili manga. Mtamu. Maneno aliyokuja nayo, la. Kauliza ile sindano yangu ilikuwa ya dawa au ya maji ya mtungi. Kisha, huku ananipangusa jasho, akasema mjukuu wake, mtoto wa bintiye Mwanaesha, hapelekwi tena kuchanjwa ndui. Wachanjaji wako Makadara mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Mwanaesha alikuwa keshakubali. Sasa hataki kumvunjia mamake neno.

Kwa sababu yangu. Nimewahi kusifiwa na nimewahi kutetwa. Kufanywa ushahidi — hii mara ya kwanza.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeamka na njaa. Dalili njema. Nikajikokota hadi kwa daktari aliyenipiga ile sindano, kudai maelezo. Hakuona haya hata kidogo. Ati kijidudu cha mafua kikipita mtu kwa mtu hujigeuza, na hiki cha sasa kimegeuka sana. Sindano yangu iliufundisha mwili kukijua kile cha zamani. Hiki kipya haukukitambua. Kama ilinisaidia japo kidogo, hajui. Msomi kusema hajui mbele ya mgonjwa! Nikamheshimu zaidi. Na ndui je? Ndui haigeuki hivyo, akasema. Chanjo yake ni ileile ya zamani, na bado inazuia.

Nikampelekea Swabaha maneno hayo kama yalivyo. Akasema madaktari ni kama mafundi cherehani: nguo isipokutosha, mwenye kosa ni mwili wako.

Nzuri hiyo. Imeniudhi kwa kuwa si yangu.

Alhamisi, 13 Februari

Harusi ya binti wa jirani yetu Badawi. Nilikaa mlangoni, mimi na kikohozi changu. Wacha nijisifu, hapa hakuna wa kunizuia: Mombasa hii hakuna mngoja mlango kama mimi. Mwanamke akijifunika buibui gubigubi, wengine hawamjui. Mimi natazama viatu. Ketty, fundi wa nguo wa Makadara, ambaye hajawahi kualikwa wala hajawahi kukosa, namjua kwa vile vyekundu vyake, kisigino kimelika upande. Harusi zote za mwaka jana nilimrudisha kizingitini, kwa heshima, na kisahani cha pilau juu.

Leo watu wanakaribia kuondoka, namwona ndani! Kakaa karibu na bibi harusi, mfupa wa biriani mkononi. Nikatazama chini. Makubadhi. Mapya.

Swabaha alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, tena zaidi yake — maana nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta tangu Ijumaa.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemkuta Swabaha uwani anapepeta mchele. Mwanaesha ananyonyesha. Nikakiri kwamba Ketty kanipita. Akasema mtaa mzima unajua.

"Sasa wifi," nikamwambia, "harusi ijayo tuung'oe mlango?"

Ungo ukasimama. Akauliza mlango umekosa nini. Basi nikampa yote. Mafua ni Ketty: mwili ulifundishwa viatu vyekundu, yeye kaja na makubadhi. Lakini ndui? Ndui anavaa viatu vilevile tangu enzi za mababu. Ukishafundishwa kumjua, hapiti. Nikamwonyesha kovu langu la chanjo, la tangu utoto.

Uso wa Swabaha una vishimo. Tangu niolewe na nduguye sijavitaja, wala leo sikuvitaja.

"Nyumba yetu sote watoto tulipatwa," akasema. "Mimi nikapona."

Sikumuuliza habari za wenzake. Mwanaesha alimwinamia mtoto. Ungo ukaanza tena.

Nimerudi nyumbani kichwa juu hata hivyo. Hoja ile ya viatu ni nzuri! Daktari namhesabia nusu.

Jumatatu, 17 Februari

Nilikaa asubuhi hii kuandika kwamba nimeshindwa. Hodi. Swabaha, kavaa buibui, mjukuu begani, Mwanaesha nyuma yake kama kivuli. Anakwenda Makadara kununua ndimu, akasema. Ndimu — na mtoto kaogeshwa, kavishwa kofia ya Idi! Nikamwambia nami nina haja na ndimu, anisubiri nitafute buibui.

Buibui ninalo mkononi tayari. Naandika upesi. Hakuingia ndani, amekalia kigoda changu cha mlangoni, namsikia anasema na mtoto polepole.

"Kila mtu asema umefanana na mimi."

Kisha, kwa sauti ya chini zaidi:

"Fanana nami macho tu."

Sasa ananiita. Ati ndimu zitakwisha.