Petroli Tupu

Kiwanjani, Isiolo
6 Mei 1984

Ndugu yangu Isacko,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Habari ya Nakuru na habari ya kazi? Shemeji hajambo, na watoto je? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ila mvua haijanyesha, na ng'ombe wanaopitishwa hapa kwenda sokoni unaweza kuhesabu mbavu zao ukiwa umesimama mlangoni. Mama anakusalimu. Miguu bado inamsumbua, lakini anaswali akiwa amesimama na hataki mtu amshike mkono.

Barua yako ya tarehe ishirini na sita nimeipata. Nimeisoma mara tatu. Unaniambia niende kwa chifu nimshukuru kwa niaba yako. Unasema umefurahi kwamba Ewoi Nanok ameonekana mwongo mbele ya wazee, na unaniuliza kama tumepata mtu mwingine wa kuangalia pampu, mtu mwenye akili safari hii. Basi kaa chini usome mpaka mwisho, kwa sababu nimekasirika na haya sitayaandika mara mbili.

Wewe uliondoka hapa zamani, kwa hiyo labda humjui Ewoi vile sisi tunavyomjua. Marehemu Baba alimwajiri kule shambani Burat mwaka wa sabini na saba, na ile pampu ya kwanza alimfundisha yeye mwenyewe. Kila asubuhi Ewoi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena akaangalia. Ikipungua aliongeza, ikiwa nyeusi alibadilisha. Miaka saba pampu ile ilivuta maji ya mto, hata baada ya Baba kufariki, mpaka chuma chake kikapasuka kwa uzee. Huyo ndiye mtu uliyemwita mchunga mbuzi kwenye barua yako.

Ulipoleta pampu mpya mwezi wa tatu sote tulifurahi. Ilikuwa nyepesi, Ewoi aliibeba begani peke yake. Ulikuja na mkebe wa petroli uliojaziwa na mwenye duka aliyekuuzia huko Nakuru, ukamimina, ukavuta kamba. Ikalia kwa sauti kali, ikatoa moshi wa buluu, maji yakaja. Siku mbili ulizokaa ilifanya kazi vizuri. Ewoi aliizunguka akitafuta pa kutia oili. Hakuona kifuniko, hakuona kijiti. Alikuuliza mbele yangu oili inaingia wapi. Ulicheka, ukamwambia asisumbuke na mambo ya kisasa, ukapanda gari ukaenda zako.

Mkebe ule ulipokaribia kuisha, Ewoi alitia kidole ndani, akakisugua na kidole gumba. Akaniambia, "Tiya, hii petroli inateleza. Imechanganywa na kitu. Uliza kaka yako ni nini." Nikakuandikia. Siku nane tulingoja jibu, na siku zote hizo Ewoi alikataa katakata kuwasha pampu. Mimi ndiye niliyemhimiza awashe tu, vitunguu vinakauka. Akanijibu kwamba hawezi kuwasha mashine ambayo hajui inakula nini. Yeye na mkewe Jecinta wakachota maji mtoni kwa debe, asubuhi na jioni, wakinyunyizia mstari baada ya mstari. Jecinta alichubuka bega mpaka akawa anabeba na kitambaa kilichokunjwa.

Siku ya tisa Ewoi alitia petroli tupu, akawasha. Kwa nini alitia petroli tupu, nitafika hapo. Haikufika saa sita mchana. Injini ilianza kukwaruza, ikapungua nguvu, kisha ikasimama ghafla. Kamba ikakataa kuvutika. Ewoi aliweka mkono juu ya silinda akaungua kiganja, na hakuutoa haraka.

Ulikuja juma lililofuata. Ulipiga simu dukani kutoka posta, ukaambiwa injini imekufa kwa kukosa oili. Hukuuliza mtu yeyote jambo lolote. Ulienda moja kwa moja Burat, ukampiga Ewoi kofi mbele ya mkewe na watoto wake, mtu mzima mwenye mvi, ukasema ameuza oili mjini akaiendesha injini kavu. Ukampeleka kwa askari akiwa amevaa zile nguo zake za tope. Halafu ukarudi Nakuru, kwa sababu likizo yako ilikuwa imekwisha.

Sasa nisikilize, maana wewe hukutaka kusikiliza. Nilipakia ile injini kwenye mkokoteni wa punda nikaipeleka kwa Kahin, fundi aliye kwenye barabara ya Marsabit. Nilikaa gereji kwake kutwa nzima. Wanaume waliokuwa wakingoja magari yao walinitazama kama nimepotea njia, na mimi nikawatazama vilevile. Kahin aliifungua injini yako, kisha akaleta ile ya Baba ambayo aliichukua kwa ajili ya vipuri, akaziweka zote mbili juu ya gunia.

Akanieleza kwamba ya Baba mafundi wanaiita fostroki, yaani mapigo manne. Pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli. Inapanda ikivigandamiza. Moto unawaka, unaisukuma chini kwa nguvu. Inapanda tena ikitoa moshi. Safari nne ndipo upate moto mmoja. Juu ina valvu mbili, moja ya kuingizia na nyingine ya kutolea, na chini ina bakuli la oili yake peke yake, haikutani na petroli. Kwa sababu hiyo Baba alitia petroli tupu miaka yote, na kwa sababu hiyo Ewoi alikuwa na kile kijiti.

Yako ni tustroki, mapigo mawili. Haina valvu. Kahin aliniambia niingize kidole ndani ya silinda, nikagusa matundu ubavuni mwake. Pistoni yenyewe ikipita ndiyo inayoyafunga na kuyafungua. Inapanda mara moja, inashuka mara moja, na moto umeshawaka. Kila mzunguko una moto wake, ndiyo maana ni ndogo lakini ina nguvu, na ina kelele. Lakini petroli yake haiendi juu moja kwa moja. Inapitia kwanza tumboni, pale chini penye beringi, mahali ambapo kwenye injini ya Baba pana oili. Huwezi kujaza oili pale, itavutwa yote iungue. Kwa hiyo oili inasafiri ndani ya petroli, sehemu moja kwa ishirini na tano, inapaka kila chuma njiani, halafu inaungua pamoja nayo. Huo ndio ule moshi wa buluu. Huo ndio ule utelezi ambao Ewoi aliusikia kwa kidole chake, wakati wewe mwenye cheti ukutani hukuusikia.

Ukiinyima oili, chuma kinasuguana na chuma kikavu, kinapata joto, kinavimba, kinang'ang'aniana. Kahin alinionyesha pistoni. Ubavu mmoja umechanwa michirizi, kama kitu kilichokwaruzwa kwa makucha. Akasema injini imenoki, yaani imekwama kabisa, na haina dawa ila silinda mpya na pistoni mpya. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyesema itiwe petroli tupu.

Niliangalia mikono yangu iliyojaa grisi, Isacko, nikaaga nikaenda.

Hili hulijui lote, kwa sababu hukuwepo siku ya baraza. Chifu alimleta Ewoi kutoka rumande, akamwuliza kwa nini aliinyima mashine oili. Ewoi alisimama, akasema, "Mimi niliuliza. Barua ilitoka Nakuru, Tiya akanisomea. Ilisema petroli tupu." Watu wote wakageuka kunitazama. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Chifu akaniuliza kama kuna barua ya namna hiyo.

Nikasema, "Hakuna."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, na Ewoi amesimama hapo. Na barua ilikuwa ndani ya sanduku langu la nguo, ina saini yako. Nilikuwa nimeisoma ikifika, nikaenda nayo Burat siku hiyohiyo, nikamsomea pale kando ya mto. Aliniomba nirudie, nikarudia. Uliandika hivi: "Mwambie hiyo ni injini ya kisasa, haitaki oili. Atie petroli tupu. Anaulizia oili apate kitu cha kuuza." Hata hayo maneno ya mwisho nilimsomea, sijui kwa nini. Aliinuka akaenda kuchukua petroli.

Nilikana kwa sababu wewe ndiye mwanamume tuliyebaki naye, na tukiulizwa tuna nani tunakutaja wewe. Sikutaka Mama asikie mbele ya mji mzima kwamba mwanawe ndiye aliyeua injini halafu akampiga mwingine kofi. Nilijiambia umesahau, kwamba utakumbuka, utaandika, utasema ukweli. Majuma mawili nikangoja. Kila asubuhi Jecinta alipita mbele ya mlango wetu akimpelekea mumewe chai, na kila asubuhi alinisalimia. Kisha ikaja hii barua yako ya shukrani, na ndani yake umeandika kwamba Ewoi amefikia hata kukusingizia barua. Hukusahau. Mtu aliyesahau angeuliza, "Barua gani?"

Alhamisi nilichukua barua yako ya kwanza nikampelekea chifu. Nilimwomba awaite wazee walewale, mahali palepale. Mama nilimweleza nyumbani kabla hatujatoka. Hakulia na hakunigombeza, alichukua shuka yake akatangulia kutoka. Niliisoma yote kwa sauti, pamoja na saini yako na tarehe, kisha nikasema kwamba siku ile nilidanganya. Mzee mmoja alitema mate chini. Sijui kama alikuwa anakutemea wewe au mimi, na yote mawili ni haki.

Ewoi alitolewa Ijumaa baada ya sala. Siku ishirini na nne amekaa ndani. Nilienda Burat jioni kumwomba msamaha. Shamba ni vumbi, vitunguu vyote vimekauka, hata yale majani Jecinta amelisha mbuzi. Nilizungumza kwa muda mrefu, wakanisikiliza wote wawili. Nilipomaliza, Ewoi aliniomba nimsomee Jecinta ile barua, kwa sababu yeye hakuwahi kuisikia. Nikaisoma. Ewoi akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hata siku ile ulisoma vizuri hivyohivyo."

Mimi nilitamani anitukane. Hatarudi shambani kwetu. Kahin alisikia habari, akamwita gereji, na kesho Jumatatu anaanza.

Nimekasirika nawe, Isacko, na hasira yangu juu yangu mwenyewe ni kubwa zaidi, ila hiyo ni yangu nitaibeba. Ya kwako njoo uibebe. Usitume pampu nyingine. Usiniandikie maelezo, kwa sababu Mama amekataa nimsomee barua yako yoyote kuanzia sasa. Njoo na miguu yako, useme na mdomo wako, mbele ya Jecinta na wale watoto walioona lile kofi.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Majirani wa Kiwanjani wanakusalimu, wale ambao bado wanalitaja jina lako. Mungu akulinde njiani. Mama anasema ukishuka kwenye basi usije kwanza nyumbani. Nenda Burat, na kama hawatakufungulia, kaa nje mpaka wakufungulie.

Ni mimi dada yako,
Tiya Wario