Jicho la Mtoto wa Malkia

Ilemela, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Kabla sijasema langu nataka kujua lako. Kifua kimeacha kukusumbua? Neema ameanza kuandika jina lake au bado anachora kuku? Na mama mguu wake unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu. Usimwambie "Baba Neema anasalimu" kama unavyopenda kufupisha mambo, sema shikamoo. Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo kwa sababu nitakazokueleza, lakini usianze kunitumia maharage, huku samaki wapo.

Wapo kwa namna yao. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunakaanga mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki. Tangu biashara ifunguliwe, kila mwenye fedha mjini hapa anatimiza alichokuwa akikiota, na tajiri wangu alikuwa akiota farasi. Ndiyo maana mimi mtu wa Sanya Juu leo nafagia banda katikati ya mawe ya Ilemela, na watu wanasimama barabarani kumshangaa Malkia kama vile ni ng'ombe aliyepotelewa na pembe.

Malkia unamkumbuka. Ni yule farasi jike niliyepanda naye lori siku ile ukilia, na mpaka leo sijui ulikuwa ukimlilia nani kati yetu. Alizaa dume, la kahawia, lenye miguu mirefu kuliko akili yake. Habari yangu yote leo ni ya huyo mtoto.

Kwetu uzio ni masale. Huku Usukumani uzio ni mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani, ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ukiingia jichoni ni moto. Uzio wetu aliupanda Mzee Masanja, mwenzangu wa kazi, mtu wa Mkolani aliyechunga ng'ombe tangu ajue kutembea. Nilipomuuliza kama farasi hawatadhurika, alinitazama kwa huruma akasema, "Ng'ombe wote wa baba yangu wamekulia ndani ya mnyaa. Mnyama ana akili, anaukwepa." Ng'ombe kweli anaukwepa. Mtoto wa farasi anakimbia kwanza ndipo afikiri. Asubuhi moja upepo wa ziwani ulimtia wazimu, akazunguka uwanja mara kadhaa kisha akaingiza kichwa kizima kwenye uzio. Vijiti vilivunjika, kimoja kikamchoma jicho la kulia, na utomvu ukaingia.

Mke wangu, sijawahi kusikia mtoto wa mnyama akilia vile. Mzee Masanja hakuchelewa. Alimshika, akanituma nimkamue Malkia, na maziwa yale akammwagia jichoni. Kwao mtu akiingiwa na utomvu wa mnyaa anatafutwa mama anayenyonyesha, naye anamkamulia maziwa jichoni. Sikubisha, maana hata bibi yangu angefanya hivyohivyo. Siku hiyo mtoto alitulia. Kesho yake jicho lilikuwa limevimba, linatoa usaha, na kioo chake kimekuwa cheupe kama jicho la sangara wa jana.

Tajiri alikuja akiwa na begi mkononi, safari ya Dar. Aliangalia mara moja tu. Alisema farasi chongo hapandwi wala hauzwi, kwamba akirudi na jicho halioni atampiga risasi mwenyewe, na tusimfiche. Si mtu mbaya, huko alikojifunza farasi ndivyo wanavyofanya. Lakini mtoto alikuwa ameegemea bega langu wakati anasema.

Mzee Masanja ndiye aliyesema tumtafute Daktari Kokusima. Ni mama wa Kihaya, zamani alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, akapunguzwa kazini, sasa ana duka la dawa za mifugo pale Mkuyuni, anauza chanjo za kuku na dawa za kupe. Najua swali lako, nalijibu mapema: ana umri wa mama yako na anavaa gambuti. Sasa kunjua uso, tuendelee.

Jambo la kwanza lililonifanya nimheshimu ni kwamba hakudanganya. Alisimama mlangoni mwa banda akasema, "Ng'ombe nimewatibu maisha yangu yote. Farasi nimemsoma chuoni tu. Mkiniruhusu nitajaribu, lakini nitakuwa nauliza." Wewe umeona madaktari wangapi wanaosema hivyo? Akaondoka kwenda kuuliza, kwa daktari wa macho wa watu. Akarudi na vikaratasi vyenye rangi. Alipolowesha kimoja na kukigusisha jichoni, pale ngozi ya jicho ilipokuwa imeliwa pakawaka kijani, pakubwa kama ukucha wa dole gumba. Alisema jicho linayeyuka, na kama hatulizuii litatoboka.

Mzee Masanja akaeleza habari ya maziwa, kichwa chini. Nilidhani atamgombeza. Yeye alisema, "Maziwa yanalisha wadudu, mzee wangu, ungetumia maji safi tu. Lakini kwa mama yake ulifika penyewe. Tunachohitaji ni damu ya mama."

Sikuelewa mpaka nilipoona. Alimtoa Malkia damu shingoni, akaiweka kwenye chupa safi, akaiacha isimame mpaka ikaganda na juu yake yakabaki majimaji ya njano kama samli iliyoyeyuka. Hayo majimaji, alisema, ndiyo yanayozuia jicho lisiendelee kuyeyuka. Tuliyahifadhi kwenye friji ya tajiri, katikati ya bia zake.

Kazi ilikuwa kuyaingiza. Mtoto hakutaka mtu aguse uso wake, na jicho lilihitaji dawa mchana kutwa na usiku kucha. Hapo mama yule alinishinda kabisa. Alinunua mpira mwembamba, ule wa kulishia watoto njiti hospitalini. Alimpiga mtoto dawa ya usingizi na ganzi, akaupenyeza mpira kwenye kope ya juu, akaushona kwenye paji la uso, kisha akausuka pamoja na manyoya ya shingo, kama wewe unavyomsuka Neema, mpaka ukatokea begani. Basi tukawa tunasimama begani, tunasukuma dawa kwa bomba la sindano, inatokea jichoni, na mtoto anaendelea kula majani. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Mkono wake ulikuwa umetulia wakati anashona, ila jasho lilikuwa linamdondoka puani.

Tulifunga madirisha kwa magunia kwa sababu dawa nyingine ilifanya mwanga umuumize. Tulipokezana. Mzee Masanja alikuwa akimwimbia taratibu, wimbo wa kulimia na maksai, na mtoto akawa hakubali kushikwa na mwingine. Daktari alikuja kila siku akifunga duka, na siku nyingine hakufungua kabisa.

Kisha nikakata tamaa. Asubuhi moja nilikuta mishipa myekundu imetambaa juu ya jicho kutoka pembeni, jicho zima linatisha. Nilimwambia daktari tusimtese tena mnyama, tumpigie tajiri simu. Alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu, akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. "Hao ni mafundi," alisema. "Mwili umeleta damu kuja kuziba shimo. Ungempigia simu tajiri leo, Baba Neema, ningekuchapa." Na kweli, tulipoweka rangi tena, kijani kilikuwa kimebaki kidogo.

Tajiri amerudi juzi. Mpira ulikuwa umetolewa. Mishipa imefifia, limebaki doa jeupe upande mmoja. Alisema doa analiona, anachotaka kujua ni kama mnyama anaona. Daktari akalifunga jicho zima, la kushoto, kwa kitambaa, akadondosha pamba mbele ya lile bovu. Mtoto hakutikisika. Akadondosha nyingine. Hakutikisika. Tajiri akatazama gari lake, nami nikajua mle kuna nini.

"Pamba haina maana kwake," daktari alisema. "Pangeni ndoo hapa katikati. Mleteni mama yake asimame ng'ambo."

Nikapanga ndoo ovyoovyo. Mzee Masanja akamleta Malkia bila kutoa sauti. Mtoto aliinua kichwa. Akaanza kutembea, ndoo ya kwanza akaipitia kushoto, ya pili akaizunguka, ya tatu akairuka kwa maringo ambayo hayakuwa na lazima, akaenda moja kwa moja kunyonya. Mzee Masanja alisema, "Anaona, mayo," yaani mama kwa Kisukuma, basi. Daktari akakaa chini pale pale kwenye majani, akajifunika uso kwa koti lake jeupe, na hakuna aliyemsogelea mpaka alipoinuka mwenyewe. Tajiri alivua kofia, akamshika mkono kwa mikono miwili. Jana tumeanza kung'oa mnyaa, na anayeng'oa kwa hasira kuliko wote ni Mzee Masanja.

Msalimie mama, msalimie kaka yako fundi seremala na mkewe, na jirani yetu anayetukamulia ng'ombe. Neema mwambie baba amemwona mnyama aliyesukwa vizuri kuliko yeye, anune kidogo. Wewe mwenyewe nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Naandikia mlangoni mwa banda. Mtoto amekuja kusimama karibu, upande wenye doa ndio ulio kwangu. Nimeinua kalamu taratibu, bila kumwambia kitu, na jicho limeifuata.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema